Hesabu kwa Waliotutuma

Jumapili, 22 Juni 2025. Gloucestershire, Uingereza

Ibada ya mwisho ya ziara ya kwaya yetu imekwisha. Kanisa dogo la mawe lililozungukwa na makaburi, na nje joto ambalo wenyeji wenyewe wanalilalamikia. Wanasema jana sehemu za kusini-mashariki mwa nchi zilipita nyuzi 33. Masweta ambayo vijana walifumiwa na mama zao kule kwetu Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, hayajatoka mabegini tangu tufike.

Kabla ya ibada niliona jambo ninalotaka kuliandika kabla halijanitoka. Wanakwaya wenyeji husoma nota za mistari. Bibi mmoja wao, mtu mzima kabisa, aliichukua karatasi yetu ya wimbo iliyoandikwa kwa solfa, yaani kwa herufi za do, re, mi, akaiangalia kwa muda. Kisha akaiweka chini, akakunja ngumi usawa wa kiuno: do. Akainua kiganja kikiwa mshazari: re. Akakinyoosha sawasawa mbele ya kifua: mi. Vijana wote wa sauti ya kwanza wakaanza kumwimbia kila ishara anayoitoa. Alifundishwa shuleni akiwa mtoto, na miaka mingi hajakutana na mtu wa kuimba naye hivyo. Solfa hii ni ya kwao. Sarah Glover wa Norwich aliianzisha, John Curwen akaiendeleza na kuieneza katika karne ya 19, na wamisionari wakaja nayo Afrika. Miongoni mwa wenyeji wetu imebaki kwa wazee wachache. Kwetu ubao wa chumba cha mazoezi haukosi herufi hizo, na kijana wa Kifura asiyejua Kiingereza anaweza kuusoma wimbo mpya kwa jioni moja.

Jioni nimefunga hesabu za matamasha katika daftari la bluu. Dayosisi ya Gloucester na Dayosisi yetu ya Western Tanganyika, yenye makao Kasulu, zina uhusiano wa miaka mingi, na uhusiano huo ndio uliotufungulia mlango. Nauli hata hivyo ilianzia kwenye minada ya baada ya ibada huko nyumbani: kuku wa Makere, madebe ya maharage ya Kifura, asali ya mapori ya Kibondo, mikungu ya ndizi iliyonunuliwa, ikarudishwa mezani na kunadiwa tena. Kurasa za mwanzo za daftari la bluu zina majina ya waliotoa, mmoja mmoja. Wapo walioandikiwa mayai.

Safari hii ni mali yao. Naomba nisilisahau hilo tukiwa njiani, wakati uchovu utakapoanza kutufanya tuongee kana kwamba tulijileta wenyewe.

Jumatatu, 23 Juni. Heathrow, kisha Doha

Tumeamka gizani. Uwanjani njuga zilisimamisha foleni. Zilikuwa ndani ya begi dogo la kijana wa besi kutoka Makere, na mashine ya ukaguzi haikuelewa chuma kingi namna ile kina kazi gani. Ofisa akazitoa moja moja, akazipanga kwenye sinia, akauliza zinavaliwa wapi. Kijana akainama, akajifunga jozi moja juu ya kifundo cha mguu, akapiga hatua mbili. Wakatupitisha.

Tukiwa tumekaa kusubiri, binti wa sauti ya pili kutoka Busunzu alikuja kukaa karibu nami, akanipa simu yake nisome. Mtu anayefahamiana naye mtandaoni tu anamwambia asipande ndege. Atapokelewa, atatafutiwa kazi ya kutunza wazee, na kwa mwezi atapata fedha ambazo mwalimu kama mimi hazioni kwa miezi mingi. Sikumhubiria. Nilimwambia kwamba kiasi hicho kinaweza kuwa kweli. Nikamwambia na mengine: viza aliyopewa ni ya kuja kuimba na kurudi; akibaki ataishi kwa kujificha; mtu anayemwita hana wa kumwajibisha akimgeuka; na vijana wa Kigoma watakaoomba viza mwakani wataulizwa habari zake. Aliishika simu kwa muda mrefu, kisha akaiweka kwenye begi bila kujibu. Tulipoitwa kupanda, alikuwa wa tatu kwenye mstari.

Naandika haya Doha, usiku. Tulitua jioni salama. Saa za hapa ni sawa na za nyumbani, na vijana walifurahi kurudisha mishale ya saa zao. Haikupita muda mbao za safari zikaanza kubadilika, mstari baada ya mstari, zote zikisema imeahirishwa. Qatar imefunga anga lake. Baadaye habari zikafika: Iran imerusha makombora kuelekea kambi ya jeshi ya Al Udeid, iliyo na wanajeshi wa Marekani, nje ya mji huu tuliomo. Waliokuwa karibu na vioo wanasema waliona mianga angani.

Nimewahesabu vijana, wote wapo. Kiongozi wa sauti ya kwanza aliuliza kama waimbe kidogo kuwatuliza watu. Niliangalia ukumbini: maelfu ya wasafiri, wengine wanalia kwenye simu, wengine wanajaribu kusikia matangazo. Nikasema hapana. Kuna saa ambayo wimbo wetu ungekuwa kelele kwa mtu anayetafuta sauti ya mkewe. Tumesali kwa kunong'ona, tukatandika vitenge sakafuni.

Jumanne, 24 Juni. Doha bado

Anga lilifunguliwa baada ya saa sita usiku, lakini ndege zilikuwa zimetawanyika viwanja vya nchi nyingine, na foleni ya kupangiwa safari mpya ni ndefu kuliko nilivyowahi kuona. Wazazi wanapiga simu kutoka Kibondo, Kasulu na Kakonko. Mzee mmoja wa Kifura amenipigia kuuliza kama kweli tuko vitani. Nimemwambia, "Hapana baba, tuko foleni." Akasema, "Basi kaeni kwenye foleni hiyo pamoja, mtu asitoke." Nimewapa vijana amri hiyo kama ilivyotoka kwake.

Adhuhuri, walipoanza kuchoka na kugombana kwa ajili ya chaja ya simu, niliwakusanya nikawasimulia habari za kwaya ya vijana wa Afrika Kusini iliyokwenda Uingereza mwaka 1891. Waliimba mbele ya Malkia Victoria. Magazeti yakawaandika, kumbi zikajaa. Baadaye kundi lilikwenda Marekani, na huko wasimamizi wa safari wakawatelekeza vijana wale katika mji wa Cleveland, Ohio, hawana nauli. Miongoni mwao alikuwamo binti aitwaye Charlotte Manye. Watu wa kanisa la Wamarekani Weusi la AME waliwasaidia, yeye akapata nafasi Chuo Kikuu cha Wilberforce, na mwaka 1901 akarudi kwao na shahada ya sayansi, mwanamke wa kwanza Mweusi wa Afrika Kusini kufika hapo. Leo hospitali kubwa ya Johannesburg ina jina lake la ndoa, Charlotte Maxeke.

Kijana wa kinanda akasema, "Kwa hiyo kutelekezwa kulimsaidia." Nikamwambia aangalie vizuri: tumesimuliwa jina la mmoja tu. Wote walikwama ugenini kwa sababu watu waliokuwa wameshika fedha za viingilio hawakuwa na wa kuwauliza. Binti wa Busunzu, ambaye ni msaidizi wa mweka hazina, akauliza kama kwaya ile ilikuwa na daftari la mapato lililosomwa na waimbaji wenyewe. Ni swali zuri kuliko yote niliyoyasikia katika safari hii. Nimemkabidhi daftari la bluu, na kuanzia leo analijaza yeye, mimi nahakiki.

Tumepangiwa ndege ya usiku.

Jumatano, 25 Juni. Dar es Salaam

Tumefika wote. Kwenye dirisha la uhamiaji kijana wa besi aliipokea pasipoti yake kwa mikono miwili. Nilijua kwa nini. Sisi wa mpakani na Burundi huulizwa sana sisi ni nani: babu alizaliwa wapi, mwenyekiti gani wa kijiji anamjua, mbona matamshi yako ni hayo. Yeye alizungushwa miezi kadhaa kutafuta vyeti vya wazazi waliozaliwa nyumbani, mbali na hospitali. Leo ofisa aligonga muhuri, akasema "karibu nyumbani", akamwita anayefuata.

Begi lenye sare halikutokea. Tumejaza fomu na kuacha namba ya simu. Wasichana walisikitika, vitenge vile tulivichangia kwa tabu. Hayo mengine ni madogo, watu wamefika.

Jioni simu kutoka Kasulu. Kamati ya mapokezi imepanga mambo: msafara wa pikipiki kuingia mjini, turubai, wageni rasmi, spika. Wanataka tupitilize moja kwa moja tuwahi Jumamosi. Nimesema barabara yetu inapita Kibondo kabla ya Kasulu, na michango ya kwanza kabisa katika daftari imetoka Kibondo, wakati ambapo hakuna mtu mwingine aliyeamini kwamba safari itakuwapo. Tutasali nao Jumapili, Kasulu tutaingia Jumatatu. Hawakufurahi. Nimeomba tuzungumze tena kesho.

Alhamisi, 26 Juni. Treni hadi Dodoma, kisha basi hadi Kahama

Treni ya umeme ya asubuhi. Reli hii ya kisasa ilianza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka jana, na wengi wa vijana hawa hawajawahi kuipanda, maana tulipokuwa tunakuja tulitumia basi njia nzima. Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ndiyo inajengwa. Kasi ilipofika 160 kwenye kioo cha behewa, walinyamaza kwa dakika moja, halafu wakapiga makofi.

Mimi niliganda dirishani tulipokaribia Kilosa. Kimamba ni hapo jirani. Babu yangu mzaa baba alikata mkonge Kimamba. Serikali ya kikoloni iliiacha Buha, nchi yetu, bila barabara nzuri na bila zao kubwa la biashara, lakini kodi iliidai palepale, kwa hiyo kijana aliyetaka fedha alikuwa na njia moja. Kuanzia mwaka 1944 waajiri wa mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU, na vijana wa Kasulu na Kibondo wakapakiwa malori hadi kwenye reli ya zamani ya Kigoma, ambayo Wajerumani waliikamilisha 1914, wakapelekwa Morogoro na Tanga kama manamba. Babu alirudi na blanketi, sufuria na makovu ya miiba mikononi. Wenzake wa kijiji wengine hawakurudi. Nimewahi kumuuliza baba wangapi, naye akasema hakuna aliyeandika.

Tuliingia kwenye mahandaki, kukawa giza, tukatoka. Niliwaambia vijana waliokaa karibu nami habari za babu. Mababu zao walipelekwa kwa ajili ya mikono yao, nao wamealikwa kwa ajili ya sauti zao, na majina yao yote yamo katika kitabu, na watu wanawasubiri mpaka wa mwisho. Sikuongeza neno. Binti wa Busunzu akasema na babu yake mkubwa aliishia Korogwe. Kwao wana jina lake tu.

Dodoma tulihamia basi la kukodi: Singida, Nzega, Kahama. Nilizungumza na kamati Kasulu nikiwa Singida. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, Kibondo wana haki yao. Turubai litasubiri." Namshukuru sana.

Ijumaa, 27 Juni. Nyakanazi hadi Kibondo

Tuliondoka Kahama alfajiri, tukakata kushoto Nyakanazi. Hapo ndipo mtu wa kwetu huanza kupumua kwa namna nyingine. Miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzo wa 2000 mabasi ya njia hii yalisindikizwa na askari wenye bunduki kwa sababu ya majambazi wa porini, na masika basi lingeweza kulala kwenye tope. Niliwahi kulala hivyo nikiwa mwanafunzi. Leo ni lami. Mradi wa Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260, umejengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na kondakta wetu anaendelea kuutaja kwa heshima kila tunapovuka daraja jipya. Nyasi zimekauka, moshi wa moto wa porini uko mbali upande wa Moyowosi, na kando ya barabara Kakonko wanauza asali kwenye chupa za maji.

Karibu na Kibondo trafiki alitusimamisha pembeni. Msafara ulikuwa unapita kuelekea Mabamba, mpakani. Mabasi ya Warundi wanaorejeshwa kwao kutoka kambi ya Nduta, na malori ya mizigo nyuma. Safari hizi zimeendelea tangu Septemba 2017. Basi moja lilisimama sambamba na letu kwa muda. Dirishani kulikuwa na binti wa umri wa hawa wangu, na mapajani mwake kikapu cha matete chenye kuku wawili, miguu yao imefungwa kwa utepe wa kitambaa cha bluu, uleule aliojifunga kichwani. Huenda amezaliwa hapa kambini. Anarudi mahali ambapo pengine hajawahi kuishi. Mmoja wetu akampungia mkono, naye akapunga.

Vijana hawakuimba tena hadi stendi. Wapo miongoni mwa wale wanaorudi kwa furaha, nimewasikia wakisema. Wapo pia wanaorudi kwa sababu mgawo umepunguzwa na kambi zimekuwa finyu. Namwomba Mungu kila aliyemo katika mabasi yale akute mtu anayemsubiri.

Jumapili, 29 Juni. Busunzu, wilayani Kibondo

Asubuhi ilikuwa ya baridi kama kawaida ya mwezi huu kwenye miinuko yetu, na sare hazijapatikana, kwa hiyo kwaya iliingia kanisani na masweta. Rangi kumi tofauti. Kina mama waliofuma walikuwa wanaoneshana vidole: lile langu, lile la dada yako.

Wazee wa uamsho walitupokea nje kwa Tukutendereza, wimbo uliokuja kwetu na uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Hawakushika kitabu. Halafu salamu za kwetu, makofi laini na magoti yameshushwa, "Mwakeye, mwakeye", mpaka kila kijana akawa amesalimiwa. Mzee mmoja alimshika kila mmoja kichwani kana kwamba anathibitisha hesabu.

Baada ya ibada, binti wa sauti ya pili alisimama na daftari la bluu. Alisoma kila kitu. Michango yote, pamoja na mayai. Nauli, viza, bima. Sadaka za matamasha kule Uingereza. Chakula cha ziada cha kukwama Doha. Baki. Ilichukua muda mrefu na watoto walianza kulala, lakini hakuna mtu mzima aliyetoka. Kila jina la Busunzu liliposomwa, mwenyewe aliinua mkono.

Ndipo bibi mmoja akauliza lililohitaji kuulizwa. "Wanangu, fedha hizo ni nyingi. Zingeezeka darasa la watoto hapo nje. Mmetuletea nini?"

Kanisa lilikuwa kimya. Nilitaka kusimama kujibu, mchungaji akanizuia kwa jicho. Binti akasema sadaka za matamasha zinatosha kuanza paa hilo, na akasoma kiasi. Kisha akasema, "Bibi, nauli imekwenda, hairudi. Maharage yako tumeyala njiani. Tunachokuja nacho ni deni. Sisi wa Busunzu na Kifura tutafundisha watoto solfa hapa kila Jumamosi hadi Krismasi, na siku hiyo wataimba wao bila sisi. Ukiona hatujaja, njoo nyumbani kwetu umwambie mama."

Bibi akakubali kwa kichwa, akakaa. Sijui kama ameridhika kabisa, na sidhani kama ilimpasa kuridhika siku moja. Lakini aliulizia kama yeye naye anaweza kuja Jumamosi, maana anajua kusoma na anataka kuona herufi hizo zinavyoimbwa.

Tuliimba baada ya hapo kwa muda mrefu kuliko tamasha lolote la Uingereza. Njuga zilikatika uzi mara mbili. Kina mama walileta ugali wa muhogo, maharage yenye mawese, na migebuka iliyopandishwa kutoka Kigoma kwa ajili yetu.

Jumatatu, 30 Juni. Malagarasi, Makere, Kasulu

Tulivuka Malagarasi asubuhi, maji yamepungua, daraja jipya limesimama juu ya mchanga. Upande wa pili ni Kasulu.

Makere tulisimama. Njia ya kwenda kambi ya Nyarugusu inaachana na barabara hapo. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu Kusini, na kwaya zake ni nyingi na ni hodari. Yeyote anayeimba wilayani Kasulu anazijua. Mwalimu mmoja wa humo, Mbembe wa Fizi, alitufundisha wimbo ambao Uingereza waliuomba urudiwe kila mahali. Yeye hakuweza kusafiri nasi. Hana pasipoti, na hata kutoka kambini kunahitaji kibali. Nasi hatukuwa na kibali cha kuingia. Kwa hiyo kijana wa kinanda alimtumia kwa simu sauti tuliyorekodi katika kanisa lile dogo la mawe, wenyeji wakiitikia kiitikio chake kwa Kibembe.

Tulisubiri kandokando ya barabara. Jibu lilikuja kwa sauti yake, limetulia: amesikiliza mara tatu, amefurahi, wazungu wametamka vizuri kuliko alivyotegemea. Sauti ya tatu wameishusha nusu hatua katika ubeti wa mwisho, na sauti ya pili wanameza pumzi mapema. Warekebishe kabla ya kuuimba Kasulu. Vijana walishuka kwenye basi, wakapanga mstari chini ya mwembe, wakarekebisha hapo hapo. Nimeandika jina lake katika daftari la bluu, kwenye ukurasa wa waliotoa.

Kasulu walitupokea kwa pikipiki, matarumbeta na turubai lile lililosubiri. Hotuba zilikuwa nyingi na nzuri. Ubeti wa mwisho ulitoka sawasawa.

Jumamosi, 5 Julai. Kasulu

Leo tumefanya kikao cha tathmini. Sare zimepatikana, zimefika na basi la jana.

Kulikuwa na pendekezo la kuanza mara moja kukusanya fedha za safari nyingine ya ng'ambo, kwa kuwa mialiko ipo. Vijana wengi walilitaka, na nawaelewa. Wameona kwamba kijana kutoka Muhange au Heru Juu anaweza kusimama mbele ya watu wasiojua lugha yake na watu hao wakanyamaza kumsikiliza. Hilo haliwezi kuondolewa kwao tena, na ninafurahi.

Lakini binti wa Busunzu, aliyekuja kwa nauli yake, alisimama na kusema mialiko ipo pia katika daftari la bluu: kuna parokia zilizotoa ambazo kwaya haijafika kuimba hata mara moja. Alizitaja. Mjadala ulikuwa mkali, kura zikapigwa. Tumeamua hivi: hadi mwisho wa mwaka huu kwaya itazunguka kwa waliotutuma, Kakonko na Muhange kwanza, kisha Buhigwe, Manyovu na Heru Juu, kwa Kosta ya kukodi, na kila mahali hesabu itasomwa kabla ya wimbo wa kwanza. Paa la darasa Busunzu lianze kabla ya mvua za Oktoba. Mwalimu wa Nyarugusu aombewe kibali cha kuja kufundisha, na kama kibali hakitatoka, wachache wetu waombe kibali cha kwenda kwake. Baada ya hayo ndipo tuongee habari za ndege.

Nimeombwa niendelee kuwa mlezi. Nimekubali, kwa sharti moja, nalo limeandikwa kwenye muhtasari: daftari lisomwe mbele ya watu kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, hata mwezi ambao halijaingia shilingi, na anayelisoma awe kijana.